BASIL SCHONLAND: BWANA WA RADI NA MWANGWI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tunaosoma hapa Kamakis hatungoji kukumbushwa. Jioni ya mwezi wa Aprili, ukitazama upande wa Kilimambogo, utaona wingu jeusi tititi limejitandaza kama mkeka. Punde si punde umeme unamemeta, radi inanguruma, wenye vibanda vya nyama choma kando ya Eastern Bypass wanashusha maturubai mbio mbio, na makanga wa matatu za Ruiru wanapandisha nauli bila haya wala soni.

Ilikuwa jioni kama hiyo, muhula uliopita, ubishi ulipozuka bwenini. Wenzetu wa Chama cha Sayansi walidai ati Kiswahili ni lugha ya mashairi, methali na taarabu tu. Ukitaka kueleza jambo zito kama rada, walisema, huna budi kuazima Kiingereza. Lo! Maneno hayo yalituchoma kama pilipili machoni. Nikasimama nikaahidi, na wenzangu ni mashahidi, kwamba katika toleo hili nitaieleza rada kwa Kiswahili, tena kupitia maisha ya mtu mmoja aliyeileta pwani yetu ya Kenya wakati ambapo hata mataifa makubwa yaliificha kama lulu. Ahadi ni deni, na leo ninalipa.

Mtu huyo ni Sir Basil Schonland, mwanafizikia wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka wa 1896 na kufariki mwaka wa 1972.

Ukuta na mibuni

Kabla sijakupeleka kwake, hebu nikueleze jaribio letu dogo. Jumamosi moja tulisimama uwanjani, sisi watano, tukaukabili ukuta wa godauni iliyo ng'ambo ya ua. Tukapiga kofi moja kwa pamoja, pa! Ukuta nao ukatujibu, pa! Tukageuka upande wa pili ulio na mibuni. Pa! Kimya. Majani yaliitawanya sauti huku na huku na nyingine wakaimeza, hata hakuna iliyorudi. Mwisho tukalikabili rundo la mabati mabovu yaliyojikunja. Jibu lilirudi, naam, lakini lilikuwa limevunjikavunjika kama sufuria iliyodondoka sakafuni.

Sauti hukimbia takriban meta 340 kwa sekunde. Jibu likirudi baada ya nusu sekunde, ujue sauti imesafiri meta 170 kwenda na kurudi, kwa hiyo ukuta uko umbali wa meta 85. Mambo ni hayo hayo kwa rada, ila rada haipigi makofi. Hutuma mawimbi ya redio, ambayo hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndege iliyo umbali wa kilomita 150 hujibu baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kufumba na kufumbua ni muda mrefu ukilinganisha.

Basi mwenye rada ana maswali mawili. La kwanza: jibu limechukua muda gani? Hiyo ni hesabu tu. La pili: ni nani aliyejibu? Ni ndege, meli, kilima, wimbi la bahari, au mvua? Swali hili la pili ndilo lililowatoa wataalamu jasho, na ukiyatazama maisha ya Schonland utaona kwamba lilimfuata tangu ujana hadi uzeeni kama kivuli.

Utoto na vita vya kwanza

Basil Ferdinand Jamieson Schonland alizaliwa tarehe 5 Februari 1896 katika mji wa Grahamstown, ambao tangu mwaka wa 2018 unaitwa Makhanda. Baba yake, Selmar Schonland, alikuwa mtaalamu wa mimea aliyetoka Ujerumani. Nyumbani mwao vitabu na majani makavu vilikuwa kila mahali, na mtoto akakua akijua kwamba kitu usichokielewa hukiachi hivi hivi, unakichunguza. Mtoto wa nyoka ni nyoka: baba alichunguza mimea, na mwana akaja kuchunguza mbingu.

Alisoma shule ya St Andrew's na chuo cha Rhodes katika mji huo huo, kisha mwaka wa 1915 akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Lakini Ulaya ilikuwa ikiwaka moto wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kijana akaviweka vitabu kando, akajiunga na kikosi cha wahandisi wa jeshi, upande wa mawasiliano. Huko Ufaransa alijeruhiwa, akapona, akarudi kazini na redio za wakati huo zilizokuwa nzito kama masanduku ya mawe. Vita vilimfunza redio kwa vitendo, matopeni, huku mizinga ikinguruma. Ujuzi huo haukumtoka tena.

Vita vilipokwisha alirudi Cambridge, katika maabara mashuhuri ya Cavendish, chini ya Ernest Rutherford. Kazi aliyopewa ilikuwa kuielekeza miali ya elektroni kwenye vipande vya metali vyembamba mno, kisha kupima jinsi inavyotawanyika. Msomaji, shika neno hilo: kutawanyika. Kitu usichoweza kukiona kwa macho unakitupia kitu kingine, kisha unatazama kinarudije. Ukikitupia mpira ukuta uliojificha gizani, kwa namna mpira unavyorudi utajua kama ukuta ni laini au una mashimo. Hilo ndilo somo alilolibeba Schonland kutoka Cavendish.

Kuiuliza radi

Mwaka wa 1922 alirudi nyumbani kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka uliofuata akamwoa Bi. Ismay Craib. Ndipo alipoanza kazi iliyompa jina, uchunguzi wa radi.

Afrika Kusini, hasa nyanda za juu za Johannesburg, hupigwa radi si mchezo. Radi iliua watu na mifugo na kukata nyaya za umeme zilizoendesha migodi. Watu waliiogopa, na wengi hata leo huizungumzia kwa kunong'ona. Schonland hakunong'ona. Yeye na wenzake walitumia kamera iliyobuniwa na Mwingereza Charles Boys, yenye lenzi zinazozunguka kwa kasi, hivi kwamba mmweko mmoja wa radi hutandazwa kwenye picha na hatua zake zikaonekana moja baada ya nyingine.

Walichokigundua miaka ya 1930 kilishangaza ulimwengu. Radi haishuki kwa mara moja kama jiwe. Kwanza mkondo hafifu huteremka kutoka winguni kwa hatua, kila hatua meta kadhaa kwa makumi, ikisita na kuendelea kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Ukifika karibu na ardhi, njia hukamilika, na hapo ndipo mmweko mkali tunaouona unaporuka kutoka chini kupanda juu! Naam, ule mwanga unaotupofusha hupanda kutoka ardhini. Nani angedhani?

Mwaka wa 1937 alikuwa mkurugenzi wa taasisi mpya ya Bernard Price katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na mwaka wa 1938 akachaguliwa mwanachama wa Royal Society ya London. Wengine wangetulia hapo, wakanywa chai na kungoja uzee. Lakini mwaka wa 1939 ukabisha hodi, na pamoja nao vita vya pili.

Siri iliyopanda meli

Tangu Februari 1935 Waingereza, wakiongozwa na Robert Watson-Watt, walikuwa wamethibitisha kwamba ndege inayopita angani hurudisha sehemu ndogo ya mawimbi ya redio. Walijenga minara kando ya pwani yao kimya kimya. Siri hiyo ilifunuliwa kwa wanasayansi wachache wa nchi zilizokuwa chini ya himaya, mmoja wao akiwa Ernest Marsden wa New Zealand.

Sasa tega sikio, maana hapa pana ajabu. Marsden huyu, akiwa mwanafunzi kijana mwaka wa 1909, alifanya pamoja na Hans Geiger lile jaribio ambalo kila mwanafunzi wa kemia hulisoma. Walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Chembe nyingi zilipita, lakini chache ziligonga na kurudi nyuma. Kwa zile chache zilizorudi, Rutherford akajua kwamba katikati ya atomu pana kiini kidogo kigumu. Miaka 30 baadaye, mtu yule yule aliyeona chembe zikirudi kutoka kwenye dhahabu ndiye aliyebeba siri ya mawimbi yanayorudi kutoka kwenye ndege!

Septemba 1939 Marsden alikuwa melini akirejea kwao kupitia Afrika Kusini. Schonland akampanda meli hiyo Cape Town na kusafiri naye hadi Durban. Siku hizo chache za baharini ndizo zilizokuwa darasa lake la rada. Hakupewa mtambo. Alipewa maelezo na karatasi, na mengine aliyaweka kichwani.

Kilima kinajibu

Kule Johannesburg, Schonland alikusanya kikundi kidogo cha wahandisi na wahadhiri, akiwemo Guerino Bozzoli. Uingereza haikuwa na mtambo wa kuwapa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi wakainama kweli kweli. Walitumia vifaa vya redio vilivyopatikana mjini, vingine vya aina iliyotumiwa na wapenzi wa redio majumbani, wakavichomelea na kuvirekebisha usiku na mchana. Mtambo wao wakauita JB, kwa jina la Johannesburg. Ulitoa mawimbi yenye urefu wa meta tatu na ushei, na antena zake ziligeuzwa kwa mkono.

Tarehe 16 Desemba 1939 waliuwasha. Kwenye kioo cha mtambo pakachomoza kijimwiba cha mwanga. Haikuwa ndege wala meli. Ulikuwa mwangwi wa kilima cha Northcliff, kaskazini-magharibi mwa Johannesburg. Takriban miezi mitatu baada ya safari ile ya meli, bara la Afrika lilikuwa na rada yake, iliyoundwa papa hapa.

Lakini hebu tufikirie kijimwiba kile. Kilima ni kikubwa, hakiendi popote, na hurudisha mawimbi mengi. Ndege ni ndogo na iko mbali. Tena kuna sheria kali: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mwangwi hupungua mara kumi na sita, maana mawimbi hutawanyika yakienda na hutawanyika tena yakirudi. Ndege iliyo mbali hujibu kwa sauti ya mgonjwa mahututi, huku vilima vya karibu vikipiga kelele kama wachuuzi wa soko la Ruiru. Ukiwasha rada usidhani utamwona adui tu. Utaona dunia nzima, na kazi yako ni kumtafuta adui ndani yake.

Mambrui, mwaka wa 1940

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani. Waitalia walikuwa Somalia na Ethiopia, majirani zetu kabisa. Mwezi wa Julai waliitwaa Moyale. Vijana wa Keya walikuwa wakipelekwa kaskazini kwa malori, na bandari ya Mombasa, mlango wa silaha na chakula, ilikuwa wazi kwa ndege zitakazotokea upande wa Somalia.

Ndipo mtambo wa JB, baada ya kujaribiwa katika pwani ya Durban, uliposafirishwa kwa meli hadi Mombasa. Schonland, sasa akiwa afisa wa jeshi na mkuu wa kikosi maalumu cha mawasiliano, alikuja nao. Ulisimikwa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ng'ambo ya mlango wa mto Sabaki. Anayeifahamu Mambrui ataikumbuka kwa ukongwe wake na kwa kaburi lake la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Katika mji huo wa Waswahili, miongoni mwa minazi, ndiko rada ilikofanya kazi ya vita katika ardhi ya Kenya.

Kwa nini Mambrui? Kwa sababu pwani haina vilima vingi vya kupiga kelele, na mawimbi ya redio husafiri vizuri juu ya bahari. Lakini msidhani bahari ni bubu. Maji yaliyotulia kama kioo huyapokea mawimbi kwa mshazari na kuyarusha mbele, yasirudi kwa mwenyewe, kama vile tochi inavyopiga kioo ukiwa umesimama upande: mwanga huenda ukutani, wala haukurudii machoni. Bahari ikichafuka, kila wimbi huwa na ubavu wa kurudisha kidogo, na rada hujaa mwangwi usiotakiwa.

Vitu vingine navyo vina tabia zao. Meli ya chuma hurudisha kwa nguvu, lakini jahazi la mbao hujibu kwa unyonge. Ubao mpana wa chuma ukiutazama ana kwa ana hung'ara, ukiugeuza kidogo tu hupotea. Kona iliyoundwa na bamba tatu za metali zilizosimama wima kwa kila mmoja ndiyo hodari kupita zote, kwa kuwa wimbi likiingia huruka bamba hadi bamba na kurudi palepale lilikotoka. Ndiyo maana mashua nyingi hufungiwa kona kama hiyo mlingotini, zionekane na meli kubwa usiku. Kwa ufupi, rada haijali ukubwa wa kitu peke yake. Huangalia pia umbo, upande uliogeuzwa, kitu kimeumbwa kwa nini, na urefu wa wimbi lenyewe.

Mtambo wa Mambrui uliweza kuzifuatilia ndege zilizoruka juu ya pwani. Hofu haikuwa ya bure, kwani mwezi wa Oktoba 1940 Malindi ilidondoshewa mabomu na ndege za Waitalia. Hadi Februari 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalikuwa yameingia Mogadishu, na hatari kwa pwani yetu ikapungua. Nyumbani Afrika Kusini kikosi cha Schonland kiliendelea kukua, na wanawake wengi wasomi walijiunga kuendesha vituo vya rada kando ya bahari. Dada zetu mnaoambiwa fizikia ni ya wavulana, mmesikia hayo?

Waya wa kuku na jua lenye kelele

Mwaka wa 1941 Schonland alikwenda Uingereza, akapewa kusimamia kundi la wanasayansi waliolishauri jeshi. Huko alikuta tatizo la ardhi. Rada za kuelekeza mizinga ya kupiga ndege zilikuwa zikidanganywa na mwangwi wa ardhi yenyewe. Mahali penye mabonde na vichuguu mawimbi yaligonga ardhi ovyo, na kipimo cha kimo cha ndege kikaenda kombo. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuizunguka rada kwa wavu wa waya, ule ule wa kufugia kuku, uliotandazwa tambarare kwa upana unaozidi meta mia moja! Kama huwezi kuinyamazisha ardhi, basi ilainishe, ili ijibu kwa namna moja unayoijua.

Katika kundi hilo hilo alikuwamo James Hey. Mwezi wa Februari 1942 rada nyingi za Uingereza zilijaa kelele, na watu wakadhani ni hila ya Wajerumani. Hey alipima, akagundua kwamba kelele ilitoka kwenye jua, ambalo wakati huo lilikuwa na doa kubwa. Baadaye, wakati wa kutafuta makombora ya Wajerumani, mwangwi wa ajabu ulizidi kuonekana angani ilhali hapakuwa na kombora lolote. Kumbe ulikuwa mwangwi wa vimondo! Kimondo kikiungua angani huacha mkia wa hewa yenye umeme, na mkia huo hurudisha mawimbi. Elimu ya nyota kwa njia ya redio na rada ilipata nguvu kutokana na makosa hayo. Asiyejua angeutupa mwangwi usiotakiwa kama takataka. Mwanasayansi aliuokota akauuliza umetoka wapi.

Mwaka wa 1944 Schonland, akiwa na cheo cha brigedia, alikuwa mshauri wa kisayansi wa majeshi ya Jenerali Montgomery yaliyopigana Ulaya.

Baada ya vita

Waziri Mkuu Jan Smuts alimwita nyumbani, na mwaka wa 1945 akawa rais wa kwanza wa baraza la utafiti wa kisayansi la Afrika Kusini, CSIR. Ni katika taasisi hiyo ambamo Trevor Wadley, aliyekuwa katika kikosi cha rada cha Schonland, alikuja kubuni chombo cha kupimia ardhi kwa mawimbi ya redio, kilichotumiwa na wapima ramani duniani kote.

Mwaka wa 1954 alihamia Uingereza kuwa naibu mkurugenzi wa kituo cha nishati ya atomu cha Harwell, na mwaka wa 1958 akawa mkurugenzi. Alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1960. Alifariki tarehe 24 Novemba 1972.

Haifai kumsifu mtu na kuficha giza la enzi yake. Schonland aliishi katika nchi iliyogawa watu kwa rangi, na baada ya uchaguzi wa 1948 ubaguzi ule ukageuzwa sheria juu ya sheria. Milango ya maabara alizoziongoza haikuwa wazi kwa mtoto wa Kiafrika kama ilivyokuwa kwa mtoto wa Kizungu. Ni vipaji vingapi vilivyopotea vikichimba dhahabu chini ya mji ule ule wa Johannesburg? Tunamsoma kwa elimu yake, wala hatusahau waliofungiwa nje. Wimbi halibagui. Humjibu yeyote anayejua kuuliza.

Mwangwi wa leo

Ukitoka Mambrui ukaendelea kaskazini kidogo utafika Ngomeni. Huko Waitalia walirudi, safari hii kwa amani, wakasimika jukwaa baharini lililoitwa San Marco, na tangu mwaka wa 1967 satelaiti zikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa ile iliyopewa jina Uhuru. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Nasi hapa Kamakis? Askari wa barabarani anayeelekeza kifaa chake kwenye gari linalokimbia kasi kupita kiasi kwenye barabara ya Thika hufanya kazi ya jamaa ya ile ya Mambrui: wimbi likigonga gari linalosogea hurudi limebadilika kidogo, na badiliko hilo ndilo kasi. Rada za hali ya hewa hutumia mawimbi mafupi ya sentimita chache ili matone ya mvua yaweze kujibu. Tone lenye kipenyo mara mbili hurudisha mwangwi mara 64, kwa hiyo mvua kubwa haijifichi. Mawimbi marefu ya mtambo wa JB yangelipita wingu kana kwamba halipo.

Mwaka wa 2024, mwezi wa Aprili na Mei, mafuriko yaliwahamisha watu wengi nchini, Nairobi na kandokando yake pia. Mawingu yalifunika anga siku nyingi, na kamera za kawaida za satelaiti hazikuona kitu. Lakini satelaiti za rada, kama Sentinel-1 ya Ulaya, huona kupitia wingu na usiku pia. Katika picha zake maji yaliyotuama huwa meusi, kwa kuwa huyarusha mawimbi pembeni. Mashamba yenye mimea hutoa rangi ya kijivu. Majengo hung'ara, kwa kuwa ukuta na ardhi huunda kona. Kwa hiyo mtu anayejua kuusoma mwangwi anaweza kuonyesha mahali maji yalipoingia na mahali watu wanapohitaji msaada, kabla wingu halijaondoka. Huo si mchezo wa maabara. Ni maisha ya jirani zetu walio kandokando ya mito.

Vijana wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Schonland alikuwa na Rutherford wa kumfunza, Marsden wa kumfunulia siri, na Bozzoli na wenzake wa kuchomelea nyaya. Sisi nasi tuna mwalimu wetu wa fizikia na mwalimu wetu wa Kiswahili, nao, nafurahi kusema, sasa huketi meza moja chumbani mwa walimu wakibishana kama tuseme kutawanyika au mtawanyo. Wenzetu wa Chama cha Sayansi, deni langu nimelilipa. Sasa ni zamu yenu: Jumamosi ijayo njooni na saa yenye kupima sekunde, tusimame tena mbele ya ukuta wa godauni, tupige kofi. Atakayetupa umbali sahihi kwa Kiswahili sanifu atanunuliwa mahindi choma pale stejini.